Nataka kujengewa baiskeli ya lami kuanzia fremu, naombeni mnikosoe kabla sijatuma oda

Lami_Ndefu:
Wakuu habari zenu. Naombeni mnisaidie maana nipo kwenye uamuzi ambao nikikosea nitaishi nao miaka mingi. Mwaka wa sita huu naendesha baiskeli ya lami, fremu ya alumini niliyonunua ikiwa imeshaundwa, na safari hii nataka nijengewe ya kwangu. Fremu ya chuma, fundi akate mabomba kufuata mwili wangu. Hela nimekuwa naiweka pembeni kidogo kidogo kwa hiyo sina haraka.

Mwili: urefu sm 178, mguu kwa ndani kutoka sakafuni hadi kinenani sm 84, kiatu namba 43. Safari zangu kilomita 60 mpaka 120, lami nzuri na mbovu, vilima vipo vya kutosha, sishindani na mtu.

Mpango wangu mpaka sasa: gia Shimano Ultegra za umeme, ringi za kaboni zenye kina cha mm 50, krenki (mikono ya pedali) mm 172.5, meno ya mbele 52/36 nyuma 11-30, usukani na stemu (kile kipande kinachoushika usukani kwenye shingo ya foku) kipande kimoja nyaya zote zipite ndani, tairi upana mm 28. Fremu fundi atajua mwenyewe, nitampa urefu wangu na uzito.

Baiskeli ya sasa inanisumbua hivi: nikifika masaa mawili vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi na shingo inakaza. Nimeshaweka speisa (pete za kuinua usukani) za mm 30 chini ya stemu, na stemu nimeifupisha kutoka 110 hadi 80. Sasa naweza kukaa masaa manne, ila kwenye kona mbele imekuwa nyepesi, haitulii kama zamani.

SpanaNane:
Mkuu nimesoma mara mbili na nakuambia kwa nia njema kabisa, mpango wako umeuanzia mkiani. Umeandika gia, ringi, krenki, tairi, alafu kitu pekee unachojengewa umekiachia mstari mmoja, "fundi atajua". Gia unabadilisha jioni moja ukiwa na spana zako. Ringi hata nusu saa haziishi. Fremu ikishachomelewa imeshachomelewa, hakuna spana ya kuirefusha.

Chukua karatasi uandike yale tu ambayo hayatabadilika tena milele: siti na mikono yako vitakaa wapi ukilinganisha na krenki, tairi nene kuliko zote itakayowahi kupita, breki za ringi au za diski, boksi ya krenki (pale shafti ya krenki inapozungukia ndani ya fremu) ni ya aina gani, na kichwa cha fremu (bomba la mbele linalopitisha shingo ya foku) kimelala kiasi gani. Ni hayo tu. Ukiyapatia, hata ukiweka gia za bei ya chini kabisa utafurahi nayo miaka ishirini.

Nakwambia kwa uchungu maana yalinikuta. Fremu yangu ya kwanza ya kujengewa niliagiza kwa ajili ya tairi za 25 na breki fupi za ringi, zile ambazo raba inafika mm 39 hadi 49 kutoka kwenye boliti. Wakati huo kila mtu alikuwa anapita na 23 kwa hiyo 25 niliona ni nene. Aliyenijengea hakuniuliza na mimi sikujua kuuliza. Miaka miwili baadae nikataka 28. Ringi ikaingia vizuri, nikapuliza upepo, ikazunguka, nikaona nimepona. Wiki ya pili naiosha, nikaigeuza miguu juu, chini ya lile daraja linaloshika breki ya nyuma rangi imeliwa, kuna mstari wa chuma mtupu unang'aa upana kama wa kidole kidogo. Kila kijiwe kilichonata kwenye tairi kilikuwa kinapita pale kinakwangua. Fremu nzuri mno ile, inanitosha kama shati la fundi, na mpaka leo haiwezi kula zaidi ya 25.

Lami_Ndefu:
Dah mkuu, asante. Sasa hayo ya siti na mikono naanzia wapi? Nimpe tu huo urefu wa mguu?

SpanaNane:
Urefu wa mguu ni mwanzo tu. Ile hesabu ya zamani aliyoitangaza Greg LeMond, yule Mmarekani bingwa wa Tour de France, mguu wa ndani mara 0.883, inakupa umbali kutoka katikati ya krenki hadi juu ya siti. Kwako 84 x 0.883 ni sm 74.2. Ni pa kuanzia, usiichukue kama amri, maana haijui unyayo wako unalalaje wala soli ya kiatu ina unene gani.

Wewe una kitu bora kuliko hesabu yoyote: baiskeli ambayo umeirekebisha mpaka ikakubali masaa manne. Mikono yako sasa hivi ipo mahali sahihi, fremu ndo haipo sahihi. Kwa hiyo kazi ni kuchukua pale mikono ilipo, na pale makalio yalipo, alafu kuijenga fremu mpya chini yake.

Fanya hivi. Isimamishe baiskeli sakafu iliyo sawa, gurudumu la nyuma liguse ukuta. Pima kutoka ukutani hadi katikati ya krenki, alafu kutoka ukutani hadi katikati ya kichwa cha fremu pale juu kabisa mdomoni, sio kwenye speisa. Tofauti yake inaitwa richi. Alafu pima kutoka sakafuni hadi hapo hapo mdomoni, toa urefu wa kutoka sakafuni hadi katikati ya krenki. Hiyo ni staki. Namba hizi mbili hazidanganyi, ile "saizi 56" iliyobandikwa kwenye fremu kila kiwanda kina yake. Pima pia ncha ya siti ipo nyuma ya krenki kwa mm ngapi, dondosha uzi wenye nati.

Kaboni_Tu:
Samahani naingilia, ila kwanini chuma? Kwa hela ya kujengewa fremu ya chuma unapata ya kaboni nzuri sana ya kiwandani na ni nyepesi karibu kilo nzima. Sipingi kujengewa, nauliza tu faida ni ipi.

Mchomeleaji:
Swali la haki kabisa kaka, nijibu mimi maana kuchomelea fremu ndo kazi ya mikono yangu.

Kwa uzito upo sahihi na sitakudanganya, kaboni inashinda. Na kama kuna fremu ya kiwandani ambayo staki na richi zinamkubali, asijengewe, anunue hiyo aondoke zake. Kujengewa kuna maana pale mwili, au tairi, au matumizi hayapo kwenye katalogi.

Ila kuhusu chuma watu wanachanganya. Chuma chote, kiwe cha bei gani, kwa ule ugumu wake wa kukataa kupinda ni kile kile. Titani ni kama nusu ya hapo, alumini kama theluthi. Chuma ghali tofauti yake ni nguvu, yani kinakataa kubonyea na kuvunjika, kwa hiyo kinaruhusu bomba liwe jembamba zaidi ukutani. Ndo maana kuna bomba lina mm 0.8 mwishoni pale linapochomelewa na 0.5 tu katikati. Wazo la bomba nene mwishoni na jembamba katikati ni la zamani sana, Alfred Reynolds alilichukulia hataza Uingereza 1897, na bomba lao la Reynolds 531 likatoka 1935. Columbus, watengeneza mabomba wa Italia, wapo tangu 1919. Na chuma chepesi kinawezekana: Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alipoweka rekodi ya umbali wa saa moja Mexico City 1972, kilomita 49.431, alikuwa juu ya chuma alichojengewa na Ernesto Colnago, baiskeli nzima kilo 5.75. Ile ilikuwa ya uwanjani, haina breki wala gia, lakini ni chuma.

Kinachoamua fremu itakuwa ngumu au laini ni kipenyo cha bomba kuliko unene wa ukuta wake. Ukiongeza kipenyo kidogo tu ugumu unapanda kwa kasi. Kwa hiyo mkuu Lami_Ndefu, ukiongea na fundi wako usimuulize "unatumia bomba la kampuni gani". Mwambie uzito wako, mizigo unayobeba, na kama unapenda kusimama kwenye pedali mlimani, alafu muulize bomba la chini atalipa kipenyo gani na kwanini. Akikujibu kwa sababu, umepata fundi.

Lami_Ndefu:
Nimepima jana usiku, nimerudia mara tatu. Staki mm 560, richi 398. Siti ipo 742 kutoka krenki, kumbe tayari nilikuwa nimeifikia ile hesabu bila kujua. Ncha ya siti ipo mm 55 nyuma. Kichwa cha fremu nyuzi 73, stemu ni ile ya kuinama nyuzi 6.

SpanaNane:
Safi, hapo sasa tunaongea. Twende taratibu.

Speisa zako za mm 30. Kichwa kimelala nyuzi 73, kwa hiyo kila mm 10 za speisa zinapandisha usukani karibu mm 9.6 na wakati huo huo zinaurudisha nyuma karibu mm 3. Watu wengi hiyo ya kurudi nyuma wanaisahau. Kwako: umepanda 29, umerudi 9. Stemu ya 80 inakwenda mbele 78 na juu 15. Jumla, pale stemu inaposhika usukani ni mm 468 mbele ya krenki na 604 juu yake. Hapo ndo mikono yako inapopataka. Kariri hizo namba mbili.

Sasa tugeuze. Tunataka stemu ya 100 ili mbele patulie, na speisa 10 tu. Stemu ya 100 inakula 98 mbele na 19 juu. Speisa 10 inarudisha 3, inapandisha karibu 10. Ukitoa unabaki na staki 575, richi 372.

Angalia fremu yako ya sasa: staki 560, richi 398. Umekuwa ukiendesha fremu ndefu kwa mm 26 na fupi kwenda juu kwa 15, na ukaitibu kwa stemu fupi. Ile ganzi ya vidole viwili vya mwisho ni mshipa wa fahamu unaopita ukingo wa kiganja, ulikuwa unaubana kwa kuwa uzito wote wa kifua umelala mikononi.

Lami_Ndefu:
Nimeisoma hii nimenyamaza kwanza. Miaka sita nilikuwa najua tatizo ni mimi, kwamba sina mgongo wa baiskeli. Asante sana mkuu.

Mdogo_wa_Kimo:
Naomba niulize kitu kwa faida ya wote. Mimi ni mwanamke, sm 157, kila baiskeli ya lami niliyopanda ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele nikikata kona taratibu. Nilishaanguka nikigeuza kwenye njia nyembamba, kiatu kikanasa kati ya tairi na pedali. Je richi ikifupishwa hivyo kaka hapo juu naye halitampata?

Mchomeleaji:
Dada umeuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema, na pole kwa kuanguka.

Litampata, lakini kidogo. Nimechora namba zake. Staki 575, richi 372, boksi ya krenki imeshuka mm 72 chini ya mstari wa magurudumu, kichwa nyuzi 72, foku yenye mchepuko wa mm 47 (yani ekseli inakaa mm 47 mbele ya mstari wa kichwa cha fremu). Ekseli ya mbele inakuja mm 585 mbele ya krenki. Kwa krenki 172.5, kiatu 43 na tairi ya 32, ncha ya kiatu itaingia kwenye njia ya gurudumu kama sm 3. Kwenye mwendo wa kawaida huwezi kuigusa kwa sababu usukani haugeuki kiasi hicho, ni pale unapogeuza kwa mwendo wa miguu tu.

Ili kusogeza gurudumu mbali na kiatu, wengi hapa wanalaza kichwa cha fremu basi wanaona wamemaliza. Ukilaza kichwa peke yake usukani unakuwa mzito, unaanguka upande mlimani. Kuna kipimo kinaitwa treili: chora mstari kufuata kichwa cha fremu mpaka ardhini, alafu pima kutoka pale ulipogusa hadi pale tairi linapokanyaga. Kadiri treili inavyokuwa ndefu baiskeli inapenda kwenda moja kwa moja, ikiwa fupi inapenda kugeuka. Kwa kichwa 72 na mchepuko 47 na tairi ya 32 treili ni mm 62. Sasa laza kichwa nusu nyuzi, 71.5, na uchukue foku yenye mchepuko 50. Treili inabaki 62 ile ile. Usukani hautaona tofauti kubwa, lakini ekseli imesogea mbele hadi 593, umepata mm 8 za kiatu bila kulipia chochote. Weka krenki 165 badala ya 172.5 unapata nyingine 7 na nusu.

Kwako dada kwa sm 157 nisingehangaika na pembe. Ningekujengea ya magurudumu madogo zaidi, 650b, ile ya ringi 584 badala ya 622. Kipenyo cha ringi kinapungua mm 38. Fremu inapata nafasi ya kupumua na kila kitu kinakaa kwa uwiano wake. Viwanda vingi vinakwepa maana wanataka saizi zote zitumie gurudumu moja, lakini kwa mtu anayejengewa hakuna sababu ya kuteseka.

Mdogo_wa_Kimo:
Sijawahi kuambiwa hivi na mtu yeyote. Kila nilipouliza nilijibiwa nitazoea. Nakuja na vipimo vyangu baada ya uzi huu.

Mchomeleaji:
Njoo navyo dada. Haupaswi kuzoea kitu cha kukuangusha.

Lami_Ndefu:
Kwa hiyo krenki niende 165 au 170? Nilizoea 172.5.

SpanaNane:
Kama goti lako halilalamiki nenda 170, kama linalalamika 165. Krenki ikipungua mm 2.5 siti inapanda 2.5, kumbuka kumwambia fundi, na hapo tena usukani unaonekana umeshuka. Vitu vyote vimeshikana mikono.

Tairi na breki sasa. Umesema lami nyingine mbovu. Usiandike "tairi 28", andika "nafasi ya tairi ya 35, nitaendesha 32". Namba ya ubavuni sio ahadi, tairi ya 28 ukiivalisha ringi pana inaweza kupimika 30. Na acha angalau mm 5 kila upande baada ya hapo, kwa tope na kwa siku spoki ikikatika njiani gurudumu likaanza kuyumba. Ukitaka matope yasikurukie mgongoni mwambie aweke na matundu ya madigadi, hata kama hutaki madigadi leo. Tundu lenye skrubu ni gramu chache, kulichomelea baadae ni kuchoma rangi yote.

Kwa 32 na kuendelea breki za diski zinarahisisha maisha. Mimi bado naendesha za ringi na nazipenda, ila kila ukishika breki unaila ringi, na ringi za kaboni kwenye mvua sizipendi kabisa. Ukichagua diski basi ekseli za kupita moja kwa moja, mbele mm 12 kwa 100, nyuma 12 kwa 142. Huko ndipo vipuri vimeelekea, utapata habu bila kuhangaika.

Kaboni_Tu:
Hapo nakubali. Na ringi za mm 50 kwa mtu wa vilima na upepo wa pembeni nisingeshauri, mimi mwenyewe nimezishusha hadi 35. Ile 50 upepo ukikupiga kwenye mteremko unausikia mikononi.

SpanaNane:
Ringi ajengewe nazo. Kama unajengewa fremu, jengewa na magurudumu, spoki 28 mbele na 32 nyuma, zile nene mwishoni nyembamba katikati, 2.0 kwa 1.8. Kila spoki ivuke nyingine tatu. Spoki ikikatika mbali na nyumbani kwenye gurudumu la spoki 32 unafungua breki... hapana, una diski, hata breki hufungui, unaendelea taratibu mpaka unafika. Kwenye lile la spoki 20 umesimama.

Lami_Ndefu:
Gia je? Nimependa 52/36 kwa sababu ndo nilizozoea kuziona.

SpanaNane:
Piga hesabu ya kilima chako kibaya kuliko vyote, sio ya mteremko. Tairi ya 32 likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.15. Meno 34 mbele na 34 nyuma, pedali mizunguko 60 kwa dakika, unakwenda kama kilomita 7.7 kwa saa. Ukiwa na 36 na 30 kwa mizunguko hiyo hiyo lazima uende 9.3. Jiulize kilomita ya 100 umechoka, kwenye mwinuko mkali, unaweza 9.3? Kama huwezi pedali zinaanza kuzunguka polepole na goti ndo linalipa. Huku juu 50 na 11 kwa mizunguko 90 inakupa karibu kilomita 53 kwa saa. Baada ya hapo kwenye mteremko unalala tu.

Umeme au kamba chagua moyo wako. Umeme ni mtamu na haudai marekebisho mara kwa mara. Kamba unaitengeneza popote.

Mchomeleaji:
Mimi naomba niseme mawili ambayo nayaona kila wiki kwenye benchi.

La kwanza, boksi ya krenki. Chukua ya nyuzi za kukaza kama skrubu, BSA ya upana wa mm 68, achana na za kupachika kwa kubonyeza. Zile za kubonyeza kama tundu halijachongwa kwa usahihi wa nywele zinaanza kulia, unakanyaga pedali unasikia kwiki kwiki, na mtu anabadilisha mnyororo, pedali, siti, kumbe ni pale. Ya nyuzi inafunguka kwa mkono na spana yake, unasafisha, unapaka grisi, unarudisha. Kumbuka tu upande wa mnyororo nyuzi zake ni za kinyume, kufungua unazungusha kulia. Nimeona fremu nzuri zimeharibiwa na mtu mwenye nguvu asiyelijua hilo. Ukitaka krenki yenye shafti nene mwambie T47, nayo ni ya nyuzi.

La pili, hizo nyaya za kupita ndani ya stemu na kichwa. Mkuu, nakusihi, usiweke. Zinapendeza sana kwa macho. Lakini siku gololi za kichwa zimeingia maji, kazi ambayo ingekuwa ya robo saa inakutaka ukate mipira ya mafuta ya breki, uivute, ubadilishe beringi, urudishe, utoe hewa upya. Na ile stemu ya kipande kimoja na usukani, ukitaka kubadilisha kutoka 100 kwenda 90 unanunua kitu kizima. Wewe umetoka kuteseka na stemu! Kwanini ujifungie tena? Weka stemu ya kawaida, mpira wa breki ya nyuma uingie kwenye bomba la chini karibu na kichwa, inatosha na inapendeza.

Lami_Ndefu:
Hiyo imenigusa. Kweli kabisa, hizo speisa na stemu ndo zilizoniokoa na mimi nilikuwa naenda kujinyima uwezo huo huo. Naifuta.

Kutu je? Maana hilo ndo swali la kila ninayemwambia naenda chuma.

Mchomeleaji:
Kutu inaanzia ndani, huko usikoona. Kila bomba lina tundu dogo la kutolea hewa wakati wa kuchomelea, maji yanaingia hapo na pembeni ya nguzo ya siti, lile bomba linaloshika siti na kuzama ndani ya fremu. Kabla hujafunga kipuri chochote mwambie anyunyize mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba yote, aigeuze geuze fremu mpaka yaenee. Nguzo ya siti ipake grisi na itoe angalau mara mbili kwa mwaka. Nguzo ya siti ya alumini ndani ya fremu ya chuma ukiisahau miaka mitatu zinaungana kabisa, nimeshakata nyingi kwa msumeno. Na chini ya boksi ya krenki kuwe na tundu la kutolea maji. Ukiyafanya hayo chuma kinamzika mwenye nacho.

Lami_Ndefu:
Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu. Fundi wangu ametuma mchoro na nimekaa nao na rula. Naweka hapa mnikague kwa mara ya mwisho kabla sijasaini:

Staki 575, richi 372. Bomba la siti nyuzi 73, la kichwa 71.5, foku ya kaboni mchepuko 50. Boksi imeshuka 72, ya nyuzi BSA. Mabomba ya nyuma, krenki hadi ekseli, mm 420. Nafasi ya tairi 35 na matundu ya madigadi. Diski, ekseli za kupita. Nguzo ya siti mm 27.2. Matundu ya chupa seti mbili. Krenki 170, 50/34 na 11-34, gia za kamba, zile za Shimano 105, na hela iliyobaki imeenda kwenye magurudumu ya spoki 28 na 32. Stemu 100 ya kawaida, speisa 10.

Nilimuuliza kipenyo cha bomba la chini kama mlivyonifundisha. Alinyamaza kidogo kwenye simu, alafu akanielezea kwa dakika ishirini.

Mchomeleaji:
Huyo ni fundi. Mchoro uko sawa, sina cha kuongeza upande wa fremu.

SpanaNane:
Kitu kimoja hakijaandikwa, shingo ya foku. Wengi wanaikata kiwandani kufuata mchoro, speisa 10 basi wanakata kwa 10. Foku ikishakatwa hairudi, na wewe mwili wako utahitaji wiki kadhaa kuizoea hii baiskeli, pengine utataka kupanda mm 5, pengine kushuka. Mwambie aiache ndefu, speisa 30, kumi chini ya stemu na ishirini juu yake. Haipendezi kwenye picha. Endesha kilomita elfu moja ndo ukate.

Lami_Ndefu:
Nimempigia sasa hivi. Ameandika kwenye mchoro kwa kalamu nyekundu, "foku isikatwe". Nimesaini.